Atakua Navyo

Mara nyingi mwezi Februari shule za Bavaria hufungwa wiki nzima, na Munich huhamia milimani. Barabara kuu ya A8 hujaa magari yenye masanduku marefu juu ya paa, foleni mpaka pale njia inapochepuka kufuata bonde la mto Inn kuingia Tirol. Wiki ikiisha, watoto hurudi darasani na nyuso zenye rangi mbili, palipochomwa na jua na palipofunikwa na miwani, na swali la siku hiyo ni moja: nyie mlikwenda wapi? Mtoto aliyebaki nyumbani hana la kujibu. Wazazi wa kwetu wanaoishi kule wanaijua Jumatatu hiyo, na wengi wamepanda mlima kwa ajili yake.

Familia ninayoisimulia ni ya watu wa Tanga. Majina yao nitayaacha. Baba anaendesha tramu, mama ni muuguzi katika nyumba ya wazee, na wana watoto wawili: binti wa miaka 7 na mdogo wake wa kiume wa miaka 4. Baba si mzembe hata kidogo. Ni mtu anayejua bei ya unga katika maduka matatu, anayetembea na risiti mfukoni, na asiyekopa. Ndiyo maana kisa chake kinafaa kuandikwa. Mzembe haumizi mtoto kwa hesabu. Huyu alipiga hesabu, na hesabu yake ingesifiwa kwenye kila baraza.

Skii, kuteleza kwenye theluji kwa vibao, ni mchezo wa gharama. Kuna malazi, kuna tiketi ya lifti kwa kila kichwa, kuna mavazi, kuna vifaa, na kuna ada ya mwalimu. Ukivijumlisha kwa watu wanne, dereva wa tramu lazima atafute pa kukata. Baba akakata sehemu mbili: vifaa na mwalimu.

Kila Novemba vilabu vya michezo huko Bavaria huandaa soko la mitumba ya skii. Wenye watoto waliokua huleta vyao, wenye watoto wadogo hununua. Ni jambo jema, na fedha nyingi huokolewa pale. Baba akaenda asubuhi mapema, akarudi na vibao vya binti vyenye urefu wa sentimita 130. Binti mwenyewe alikuwa na sentimita 118. Anayeanza hupewa kibao kinachomfika kati ya kifua na kidevu. Hivi vilimpita utosi. Viatu vya skii hupimwa kwa urefu wa mguu kwa sentimita. Mguu wa binti ulikuwa 19 na nusu, viatu vilivyoletwa vilikuwa 22 na nusu.

"Mbona vikubwa hivi?" mama akauliza.

"Atakua navyo."

Nani kati yetu hajavaa sare ya "atakua navyo"? Shati la darasa la kwanza lilinunuliwa kwa mwili wa darasa la nne, mikono imekunjwa mara tatu. Viatu vilijazwa magazeti puani. Tulichekwa, tukakua, shati likatutosha mwaka lilipoanza kuchanika. Hakuna aliyevunjika mfupa kwa shati pana. Hekima ile ilikuwa ya kweli mahali pake, na baba aliibeba mpaka mahali ambapo haina kazi.

Karibu na mlango wa kutokea sokoni palikuwa na meza ya fundi, ana mashine yake na bisibisi, anapima vishikio kwa yuro chache. Foleni ilikuwa ndefu kidogo. Baba akaipita.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu kisa chote kinasimama juu ya kipande hiki cha chuma na plastiki. Kishikio ndicho kinachofunga kiatu kwenye kibao. Watu wengi hudhani kazi yake ni kushika. Kushika ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, ile inayookoa mfupa, ni kuachia. Mtoto akianguka na kibao kikanasa, kibao kile kirefu huugeuza mguu kwa nguvu kubwa kuliko uzito wa mtoto mwenyewe. Lazima kimoja kikubali kushindwa: springi au mfupa. Springi hiyo hurekebishwa kwa namba, na namba hutokana na uzito wa anayevaa, kimo chake, umri, urefu wa soli ya kiatu, na kama ni mwanafunzi au mzoefu. Mtoto wa kilo 20 na kitu anayeanza huwekewa namba kati ya 1 na 2. Unaweza kuisoma kwenye kidirisha kidogo, mbele na nyuma ya kiatu. Vishikio alivyonunua baba vilianzia 3. Hata bisibisi ya fundi isingevishusha hapo. Fundi angesema tu, bwana, hivi si vya mtoto huyu.

Mama hakuyajua hayo yote, lakini alikuwa na shaka zake. Usiku mmoja, watoto wamelala, akasema:

"Baba watoto, mbona tusiwapeleke kwenye shule ya skii ya pale pale kijijini? Nusu siku tu, na wenzao."

"Mwalimu wa nini? Nimeangalia video zote. Na yule binti aliyezaliwa Kilifi, Sabrina Simader, si ameiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya baridi kule Pyeongchang mwaka 2018? Philip Boit je, mwaka 1998, Nagano? Walikuwa na nini ambacho sisi hatuna?"

"Simader amelelewa Austria, juu ya theluji toka utotoni. Na Boit alipelekwa Finland kufundishwa, mtu mzima, mkimbiaji. Hakuangalia video."

"Mama watoto, samaki mkunje angali mbichi."

"Mkunje, usimvunje."

Wakacheka, mazungumzo yakaishia hapo. Mama alishinda jambo moja tu: kofia ngumu. Alizinunua mpya kwa fedha zake, akamkataza mumewe asitafute za mitumba, kwa kuwa kofia iliyokwisha kugongwa mara moja huenda isikinge mara ya pili, na kwa macho huwezi kuijua. Alikuwa na sababu. Katika fani yake wanamkumbuka Natasha Richardson, mwigizaji wa Uingereza aliyeanguka Machi 2009 kwenye mteremko wa wanaojifunza huko Mont-Tremblant, Quebec. Hakuwa amevaa kofia. Aliinuka, akasema yuko salama, gari la wagonjwa likarudishwa. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma. Damu ilikuwa ikijikusanya kati ya fuvu na ubongo. Siku mbili baada ya kuanguka alifariki. Italia imelazimisha kofia kwa watoto kisheria tangu 2005. Tirol, mama alijitungia sheria yake mwenyewe.

Mavazi nitayapitia haraka, maana hapo wengi hukosea kwa namna ile ile. Suruali za jinzi, glavu za sufi za kufumwa, na soksi pea mbili ili mtoto asisikie baridi. Pamba ikilowa hukaa na maji na kunyonya joto la mwili. Soksi mbili hubana damu, na vidole huganda haraka kuliko ambavyo vingeganda ndani ya soksi moja nyembamba inayofika gotini. Miwani hawakununua, wala mafuta ya jua, kwa kuamini kwamba ngozi yetu haiungui. Theluji mbichi huweza kurudisha mpaka asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, na macho ya mtoto hayana rangi ya ngozi ya kuyakinga. Usiku wa kwanza yule mdogo alilala akilia macho yanamchoma kama yametiwa mchanga.

Siku ya kwanza yenyewe haikuwa mbaya. Kijijini palikuwa na uwanja wa watoto, karibu tambarare, na zulia la mpira linalotembea lenyewe kuwapandisha. Binti alijifunza kuanguka, kuinuka, na kuweka ncha za vibao zikutane kwa mbele ili apunguze mwendo. Baba alisimama chini akipiga kelele za maelekezo kwa Kiswahili, watu wakimtazama. Yule mdogo alijaribu kidogo, akakaa kwenye theluji, akatangaza kwamba anataka kurudi kwenye tramu ya baba. Mama akambeba kwenda kunywa chokoleti ya moto, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora uliofanywa na familia ile wiki nzima. Mtoto wa miaka 4 akisema basi, basi.

Pembeni yao palikuwa na darasa la watoto wa rika lile lile, wamevaa vizibao vyenye namba. Saa ya kwanza hawakuvaa vibao kabisa. Walitembea na viatu tu, wakapanda kilima kwa ubavu, wakacheza kukamatana. Kisha kibao kimoja, mguu mwingine huru. Mwalimu, msichana kijana, alikuwa anarudi kinyumenyume mbele yao huku akiwanyooshea mikono, wao wakimfuata mmoja mmoja kama vifaranga. Wengi walikuwa Waaustria, watoto waliozaliwa na mlima dirishani. Katika nchi hiyo Hannes Schneider wa Arlberg, katika miaka ya 1920, aliifanya shule ya skii kuwa mpango wenye madaraja, kila mwanafunzi na kundi la uwezo wake, hatua kwa hatua kuanzia ile ya kupunguza mwendo. Wenyeji wenyewe, karne moja baadaye, hawaoni aibu kumlipa mtu awafundishie watoto wao. Baba aliwatazama akasema, "Wanapoteza muda."

Siku ya pili, baada ya chakula, akaamua kumpandisha binti juu kwa lifti. Alisoma ramani vizuri: bluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ngumu. Akachagua bluu. Mpaka hapo hakukosea. Ila rangi hutangaza mwinuko, na bluu huruhusiwa kufika asilimia 25, yaani mita 25 za kushuka katika kila mita 100. Kutoka uwanja wa zulia mpaka hapo ni safari ndefu kwa mtoto wa siku mbili. Na rangi haitaji saa. Mchana jua la Februari hulainisha theluji, maelfu ya vibao huichimba mifereji. Ikifika saa tisa na nusu, kivuli kinapoangukia upande ule wa mlima, mifereji ile hugandamana kuwa barafu. Njia iliyokuwa laini saa sita si njia ile ile saa kumi kasorobo.

Walishuka mara ya kwanza salama, kwa kuanguka na kuinuka. Binti alifurahi. Mara ya pili pia. Wakiwa chini akasema, "Baba, miguu inatetemeka."

"Mara moja tu ya mwisho, mama. Tukamwonyeshe mama yako."

Watu wa milimani wana mwiko juu ya maneno hayo. Wengi wao hawasemi "ya mwisho". Husema "ya kabla ya mwisho", kisha wanakwenda nyumbani. Mwiko una akili yake, kwa sababu mapaja yaliyochoka hayashiki tena umbo, na mtoto hajui kupima uchovu wake. Akikuambia miguu inatetemeka, uchovu umeshafika zamani.

Baba alitangulia. Kwa hiyo hakumwona. Penye kona, ncha ya kibao cha kushoto cha binti iliingia kwenye mfereji ulioganda, ikabaki humo. Mwili ukaendelea kugeuka. Hakuwa na mwendo hata wa baiskeli. Alianguka taratibu, karibu kama mtu anayekaa chini. Kuanguka kwa namna hiyo, polepole na kwa kujizungusha, ndiko ambako kishikio kilichopimwa vizuri hukusudiwa kuachia, kibao kikabaki upande wake na mtoto upande wake. Hiki hakikuachia. Baba alipofika, amepanda kwa magoti, kibao kilikuwa bado kimefungwa mguuni, kimeelekea upande ambao mguu wa mtu hauelekei. Ilibidi akandamize kishikio kwa uzito wake wote ndipo kikafunguka.

Akataka kumvua kiatu. Mama mmoja mgeni, mtu wa makamo, alikuwa ameshasimama juu yao, amechomeka vibao vyake kwenye theluji kwa umbo la msalaba ili wanaoteremka waone na wapite mbali. "Acha, usimguse," alimwambia kwa Kijerumani. Kiatu kigumu kile, pamoja na ubaya wake wote, sasa kilikuwa kinauzuia mfupa usitikisike. Yule mama akapiga 140, akavua koti lake akamfunika binti, akakaa kwenye theluji akimshika mkono mpaka waokoaji walipofika na sleji yao. Hawakuulizana majina.

Ulikuwa mfupa wa muundi, umevunjika kwa kujisokota. Daktari aliiangalia picha kwa muda mfupi sana, kama mtu anayeangalia kitu anachokiona kila wiki, kisha akauliza swali moja: vibao ni vya kukodi au vya kwenu? Akafunga plasta kuanzia paja mpaka vidoleni. Kofia ya binti ilikuwa na mkwaruzo mrefu upande wa kushoto. Kichwa kilikuwa kizima.

Hospitali ililipiwa na bima ya afya. Kushushwa mlimani hakukulipiwa. Bima ya lazima ya Ujerumani haibebi uokoaji wa mtu aliyekwenda kucheza mlimani Austria, na bili ilikuja kwa posta. Kwa sleji iliwezekana kulipa kwa mafungu. Angebebwa na helikopta, wangeandikiwa maelfu ya yuro. Uanachama wa Alpenverein, chama cha wapenda milima, unakuja na bima ya uokoaji wa aina hiyo.

Simu zikaanza kuita kutoka Tanga, Dar es Salaam, mpaka Muscat. Shangazi mmoja alisema theluji si mchezo wetu, tuwaachie wenyewe. Wengine walisema ni mapenzi ya Mungu. Nawaheshimu wote, lakini sikubali. Mtoto wa Kibavaria, kizazi cha kumi mlimani, angevishwa vishikio vile saa ile angevunjika mahali pale pale. Springi haikuuliza mtu ametoka wapi. Na kumbebesha Mungu foleni ya fundi ambayo mtu aliipita kwa miguu yake si adabu. Baba mwenyewe hakutafuta pa kuegemea. Aliwajibu kwa neno moja, "Nilimnunulia vya mtoto mwingine," na kwangu mimi hilo lina thamani kuliko pole zote zilizotumwa.

Binti alipona, kama watoto wanavyopona, na msimu uliofuata ni yeye aliyetaka kurudi. Mama alikubali kwa masharti yake. Walikwenda kwa siku chache kuliko mara ya kwanza, malazi ya hali ya chini, na fedha iliyookolewa ikaingia kwenye shule ya skii na vifaa vya kukodi. Dukani kijana wa kaunta akauliza uzito wa mtoto. Baba akasema, kwa fahari ya mzazi, "Ishirini na tano." Mama akamwambia binti avue koti apande mizani iliyokuwa pembeni. Ishirini na tatu. Kijana akaandika, akageuza bisibisi, akampa binti vibao vilivyomfika kidevuni. Akasukuma kiatu kwa pembeni kwa kiganja, kishikio kikaachia kwa mlio mdogo. Akafunga tena, akasukuma tena. Baba akaomba ajaribu na yeye.

Kwa hiyo, msomaji uliye Munich, Vienna au Zurich, unayesukumwa na ile Jumatatu ya darasani: kama fedha haitoshi mwaka huu, wapeleke watoto na sleji kwenye Olympiaberg au kilima chochote cha mtaani kwenu, watarudi wamelowa na wana hadithi ya kusimulia. Kama inatosha, anza na mwalimu kabla ya lifti. Mitumba nunua, lakini simama kwenye foleni ya fundi, na urudi kwake kila msimu, maana mtoto anaongezeka uzito na springi inachoka. Sema kilo za kweli. Akikwambia miguu inatetemeka, vua vibao mteremke kwa lifti. Wanaoshuka hivyo ni wengi na hakuna anayewacheka. Na kabla hujafunga mlango wa nyumba, iandike kwenye simu yako namba ya uokoaji wa milimani ya Austria, 140. Katika nchi nyingine za Ulaya, 112.